Kasino ya Mfukoni: Tuifunge au Tuitie Hatamu?

Zamani mtu aliyetaka kucheza kasino ilimpasa kwanza avae viatu. Ilimpasa atoke nyumbani kwake, apande gari, apite mbele ya bawabu, kisha abadilishe fedha zake kwa vipande vya plastiki vya kuchezea. Majumba ya namna hiyo katika miji yetu yalikuwa machache, na aghalabu wakazi wake walikuwa watalii na matajiri. Mfanyakazi wa kawaida aliyaona kwa nje tu, taa zake zikiwaka. Leo jumba zima, pamoja na gurudumu lake, karata zake na mashine zake, limeingia katika simu ya mkononi. Mwenye simu aweza kuumaliza mshahara wake akiwa amelala kitandani, au akiwa katika foleni ya daladala, au, twasikitika kusema, akiwa zamuni kiwandani.

Jambo hili limezusha mabishano makubwa katika nchi nyingi, nayo hayajakwisha. Jirani zetu wa Kenya walipata sheria mpya ya kudhibiti kamari mwezi Agosti 2025, kuchukua mahali pa ile ya mwaka 1966 iliyotungwa wakati hata simu ya mezani ilikuwa anasa. Tanzania inayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na Bodi iliyoundwa kwa sheria hiyo hutoa leseni hata kwa kasino za mtandaoni. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, imemkataza mtu aliye chini ya miaka 25 asicheze kamari kabisa, hali Kenya na Tanzania zaridhika na miaka 18. Marekani ni majimbo machache tu, kati ya 50, yaliyohalalisha kasino ya intaneti. Australia imeikataza tangu mwaka 2001.

Wapo wasemao: ifungwe leo, na mlango utiwe kufuli. Wapo wasemao: ihalalishwe, itozwe kodi, na kila mtu mzima aachiwe akili yake. Sisi tunayo maoni yetu, nayo tutayasema bila ya kuzungukazunguka. Lakini kwanza yafaa tukijue kitu chenyewe, maana wengi wanaobishana juu yake hawajakaa chini wakapiga hesabu.

Tuanze na gurudumu, kwa kuwa ndilo mzee wa michezo yote hii. Gurudumu la Kifaransa lina namba 37, kuanzia sufuri mpaka 36. Aliyeweka dau juu ya namba moja, na namba hiyo ikatoka, hulipwa shilingi 35 juu ya shilingi yake, yaani hupokea 36. Sasa tuseme ametokea mjanja, akaweka shilingi moja juu ya kila namba. Ametoa 37, wala hawezi kukosa; naye atapokea 36. Shilingi moja imebaki mezani, nayo ni ya mwenye nyumba. Gurudumu la Kimarekani lina sufuri mbili, namba zake ni 38, na malipo ni yale yale. Hapo zinabaki shilingi mbili. Hapana wizi hapa wala uchawi. Mwenye nyumba hana haja ya kuiba, kwa sababu amekwisha kulipwa na gurudumu lenyewe kabla halijazungushwa.

Mashine za picha, zile ambazo ndugu zao wa mitaani watu wetu huziita dubwi, hufuata hesabu iyo hiyo, ila hapo huifichi macho. Mashine ya simu iliyo nzuri husemekana kurudisha 96 katika kila 100. Msomaji atasema: shilingi nne katika mia si kitu, hata muuza nyanya hupata faida zaidi. Ni kweli, lakini muuza nyanya hauzi nyanya zile zile mara mia sita kwa saa. Kijana anayecheza kwa dau la shilingi 500, akibonyeza mara moja kila baada ya sekunde sita, atakuwa amebonyeza mara 600 katika saa moja. Dau lake limejumlika kuwa shilingi 300,000. Huenda hajapata kuzishika fedha nyingi hivyo mkononi mwake tangu azaliwe. Ni zile zile chache zilizokuwa zikienda na kurudi. Asilimia nne ya 300,000 ni shilingi 12,000. Hiyo ndiyo hasara yake ya wastani kwa saa moja, na kwa wengi wa wasomaji wetu hicho si kiasi cha kuchezea. Mwingine atapata, mwingine atapoteza mara tano ya hapo. Lakini mwenye kampuni hamwangalii mmoja, hutazama jumla, na jumla haimdanganyi.

Ndipo twaja kwenye mchezo unaotajwa sana na vijana, uitwao kindege. Ndege yapaa katika kioo cha simu, na tarakimu zapanda pamoja nayo: mara moja na nusu ya dau, mara mbili, mara tano. Mchezaji aweza kuzitoa fedha zake wakati wo wote. Lakini ndege ikitoweka kabla hajazitoa, dau limekwenda nayo. Wenye kuutengeneza mchezo huu wasema wenyewe kwamba hurudisha 97 katika kila 100. Yaani anayengoja mara mbili ya dau lake atazipata chini kidogo ya mara 49 katika mia. Yakaribia nusu kwa nusu, na huko kukaribia ndiko kunakomnasa kijana. Kwani aliyekosa kwa nukta ndogo hudhani kwamba kidole chake ndicho kilichochelewa, na kwamba mara ijayo atakuwa hodari zaidi. Mchezo hauna habari na uhodari wake. Mahali ndege itakapotoweka pamekwisha kuamuliwa na mtambo.

Watu wengi huichanganya kasino hii na mkeka wa mpira. Mkeka una madhara yake, nayo si madogo. Lakini mkeka hungoja dakika 90. Aliyeuweka asubuhi hurudi kazini kwake, na mkeka ukichanika jioni anao usiku mzima wa kutafakari. Kasino ya simu haimwachii mtu hata muda wa kukohoa. Hasira ya hasara ya kwanza haijapoa, naye amekwisha kuweka dau la pili ili kuirudisha; na kuirudisha huko ndiko waganga waonako mwanzo wa ugonjwa. Twasema ugonjwa kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi inayotumika tangu mwezi wa Januari 2022, limeiweka kamari isiyozuilika pamoja na maradhi ya uraibu. Si suala la tabia mbaya pekee, kama tulivyofundishwa tulipokuwa wadogo.

Hapa kwetu jambo limezidishwa makali na ufundi ambao kwa mengine yote ni fahari yetu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, Afrika ya Mashariki imekuwa mwalimu wa dunia katika kutuma fedha kwa simu. Mama wa kijijini hupokea za mwanawe kwa dakika moja, na mkulima hulipwa bila kusafiri. Lakini kifaa hicho hicho leo ni mkoba, ni benki, ni mkopeshaji, na ni kasino. Mtu apoteza mshahara saa tatu usiku. Saa tatu na dakika tano amepata mkopo wa simu usiotaka mdhamini wala shahidi. Na saa tatu na nusu ameupoteza huo nao. Katika kasino ya zamani mtu aliyeishiwa alilazimika walau kutembea mpaka nyumbani kwenda kugombana na mkewe.

Tutaambiwa kwamba fedha ni zake. Je, ni zake kweli? Wasomaji wetu wengi ni wanachama wa vyama vya akiba na mikopo makazini mwao, nao wajua mkopo wa chama hicho hupatikanaje: wenzako wawili watatu wanakutilia sahihi, na akiba zao huwa dhamana yako. Ukishindwa kulipa, hukatwa wao. Fundi wa mitambo ambaye hajapata kuigusa kamari maishani mwake aweza kukuta akiba yake ya miaka sita imepungua, kwa kuwa mwenziwe wa benchi alikuwa akirusha kindege usiku. Kadhalika karani mwenye kushika fedha za duka, na kondakta mwenye kupeleka hesabu kwa tajiri jioni. Ada ya shule nayo ni ya mtoto. Hasara ya kamari haikai katika mfuko mmoja. Hutembea kama moto wa nyasi, na hao wanaounguzwa nao ndio tunaowasemea katika ukurasa huu.

Basi, ikiwa ndivyo, kwa nini tusiungane na wale wasemao ifungwe kabisa? Viongozi wa dini, masheikh na mapadri kwa pamoja, wamelisema hilo kwa muda mrefu, nasi hatuwezi kuwadharau. Wao ndio wanaopokea machozi ya wake na wazazi. Swali letu kwao ni moja tu: itafungwa kwa kufuli gani?

Kasino ya intaneti haikuzaliwa katika nchi kubwa. Mwaka 1994 visiwa vya Antigua na Barbuda, katika bahari ya Karibi, vilitunga sheria iliyofungua mlango wa kuzipa kampuni za kamari ya mtandaoni leseni za kuhudumia watu wa ng'ambo. Tangu hapo mwenye kasino aweza kukaa kisiwa kimoja, mitambo yake ikawa katika nchi ya pili, na mchezaji wake katika ya tatu. Serikali ya Marekani ilipowazuia, wenye visiwa walikwenda kushitaki katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2003, na wakashinda! Nchi ndogo kama ile kuishinda Marekani katika baraza la ulimwengu lingekuwa jambo la kutufurahisha sana, kama lingekuwa juu ya sukari au pamba.

Marekani wenyewe walijaribu njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2006 waliziendea benki, wakazikataza kupitisha fedha za kamari iliyo haramu ya intaneti. Kampuni nyingine ziliondoka. Nyingine zilibaki zikitafuta vichochoro. Kisha tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashitaka wakazifunga tovuti kubwa tatu za mchezo wa karata wa poka. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Kampuni moja, Full Tilt Poker, ilikuwa ikidaiwa na wachezaji wake kama dola milioni 390, na katika benki zilikuwako dola milioni 60 tu. Waliobaki wakingoja fedha zao walingoja miaka, na wengi wao walianza kulipwa mwaka 2014, baada ya kampuni nyingine kuinunua mali yake kwa mapatano na Serikali. Hawakuwa na mahali pa kushitaki, maana mchezo wenyewe ulikuwa nje ya sheria. Aliyekula fedha zao alilindwa na kile kile kilichokusudiwa kuwalinda wao.

Karibu na kwetu, Januari 2019 Uganda ilitangaza kwamba leseni mpya za kamari hazitatolewa na za zamani hazitafanywa upya. Biashara haikufa, mwaka 2023 Bunge lao lilikuwa likipanga viwango vya kodi ya biashara ile ile. Kenya, Julai mwaka huo huo wa 2019, ilikataa kuzifanyia upya leseni kampuni 27 kwa ugomvi wa kodi, na makampuni ya simu yakaagizwa kuzifunga namba zao za kupokelea malipo. Hapo, wasomaji, yatupasa tusimame kidogo. Kampuni ambazo zilikuwa zimejaa magazetini, viwanjani na katika fulana za wachezaji, zilipofungiwa namba za malipo zilidhoofika mara moja. Mbili zilizokuwa kubwa kuliko zote ziliacha kazi Kenya kabla mwaka haujaisha. Mamia ya wafanyakazi walipoteza kazi, na vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards vikabaki bila mdhamini, jambo linaloonyesha jinsi mpira wetu ulivyoacha miguu yake ikafungwa kamba na watu wa kamari. Baadaye, baada ya mabishano ya mahakamani, kampuni iliyokuwa kubwa zaidi ilirudi.

Tumejifunza nini? Tovuti ya kasino haishikiki; ukiifunga leo kwa jina moja, kesho yafunguliwa kwa jina jingine. Lakini fedha za simu zina njia zake, nazo ni chache, na kila njia ina mwenyewe aliyepewa leseni na nchi hii na aliye na ofisi mtaani. Tajiri wa kasino aliye kisiwani hawezi kuifikia shilingi ya mfanyakazi wa Temeke au Kisumu isipokuwa kwa kupita mlangoni pa kampuni ya simu au benki. Mwenye kutaka kufunga na mwenye kutaka kudhibiti wote wana mlango huo mmoja. Ndiyo maana sisi hatuamini kwamba marufuku yatafaulu yakiandikwa tu katika gazeti la Serikali, na ndiyo maana vile vile hatuamini wale wasemao kwamba haiwezekani kufanya lo lote.

Sasa tuwageukie watu wa upande wa pili, ambao kwa kweli wanatutia wasiwasi zaidi, kwa sababu wanakuja na mfuko wa fedha. Hoja yao ni kodi. Wanapenda kuutaja mfano wa New Jersey. Jimbo hilo lilihalalisha kasino ya intaneti Februari 2013, na michezo ikaanza Novemba ya mwaka ule. Leseni zilifungwa na majumba ya kasino ya mji wa Atlantic City, mji ambao ulikuwa umejengewa tumaini la kamari tangu mwaka 1978. Mwaka 2014, mwaka wa kwanza kamili wa kamari ya intaneti, majumba manne ya mji ule yalifungwa na maelfu ya wafanyakazi wakaenda nyumbani. Hatusemi kwamba intaneti ndiyo iliyoyafunga. Yalikuwa yakiugua siku nyingi kwa ushindani wa majimbo ya jirani. Twasema tu kwamba haikuyaponya. Fedha zenyewe, hata hivyo, zilikuja: mwaka 2024 kampuni za kasino ya intaneti za jimbo lile zilibakiwa na zaidi ya dola bilioni 2 baada ya kuwalipa washindi. Na kodi, iliyoanza kwa asilimia 15, ilipandishwa mwaka 2025 kuwa 19.75. Kila bilioni ya kampuni ni bilioni iliyotoka mifukoni mwa watu, na Hazina ikaomba fungu kubwa zaidi la hasara yao.

Kwetu hoja ya kodi imekwenda kama mlevi. Itazameni Kenya. Januari 2018 walitoza asilimia 35 ya mapato ya kampuni. Mwaka ule ule wakashusha kuwa 15. Novemba 2019 wakaongeza ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Mwaka 2020 wakaufuta. Mwaka 2021 ukarudi kwa 7.5, mwaka 2023 ukawa 12.5, Desemba 2024 ukawa 15, na Julai 2025 ukaachwa kutozwa juu ya dau, ukatozwa asilimia 5 juu ya fedha mtu anazoziingiza katika akaunti yake ya kamari. Mfanya biashara mwaminifu hawezi kupanga hesabu zake katika upepo wa namna hiyo, na asiye mwaminifu anaufurahia.

Tena ipo hesabu ambayo wengi hawakuipiga. Ikiwa mashine humla mchezaji nne katika mia kwa kila mzunguko, na Serikali ikamla kumi na tano katika mia ya dau lile lile, basi Serikali imekuwa kasino kubwa kuliko kasino. Mchezaji aliyezoea hatasema, "Kodi imezidi, nitaacha". Atakwenda kwenye tovuti isiyo na leseni, isiyotoza kitu, na isiyo na mtu wa kumwuliza umri wake. Kodi juu ya fedha zinazoingia ni afadhali, kwa kuwa hutozwa mara moja na huonekana. Lakini hata hiyo tusiipende mno. Serikali iliyozoea kula katika chungu hiki itaona uchungu siku itakapoambiwa kwamba watu wake wacheze kidogo zaidi.

Uingereza ndiyo shule iliyo nzuri, kwani walifungua mlango wote kisha wakatumia miaka karibu ishirini kuurudisha nyuma. Sheria yao ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika Septemba 2007, iliichukulia kamari kama starehe mojawapo ya watu wazima. Matangazo yakajaa katika televisheni. Mwaka 2014 wakaona kwamba kampuni zilizokaa visiwani zinawauzia Waingereza bila leseni ya Uingereza, wakaamuru kwamba anayemhudumia Mwingereza, popote alipo, apate leseni yao. Mwaka 2020 waliwalazimisha wenye leseni wote wa mtandaoni kuitumia daftari moja ya watu waliojizuia wenyewe: aliyejiandikisha humo hufungiwa na kampuni zote kwa pamoja, si moja moja. Aprili ya mwaka huo wakakataza kamari kwa kadi za mkopo, maana waliona watu wakicheza fedha wasizo nazo. Oktoba 2021 wakaamuru kwamba mzunguko wa mashine usipungue sekunde mbili na nusu, na kwamba mashine isijizungushe yenyewe. Wakaikataza hata kupiga tarumbeta na kumwaga nyota pale mtu aliyeweka pauni moja anaporudishiwa senti hamsini. Ndiyo, hilo nalo lilikuwa likifanyika: hasara ilishangiliwa kwa muziki. Mwisho, Aprili 2025, dau la mashine za mtandaoni likawekewa kikomo cha pauni 5 kwa mzunguko, na mwezi uliofuata pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 mpaka 24.

Amri hizi zote zilikuja baada ya watu kuumia. Sisi tunayo nafasi ya kuanza na breki kabla ya kuliteremsha gari mlimani, nasi twashangaa kwamba katika majadiliano ya kwetu breki hutajwa mwishoni, baada ya kodi, leseni na udhamini wa mpira.

Basi maoni yetu ni haya. Kasino ya simu isiachwe huru, wala isitangazwe kuwa imefungwa hali milango ya fedha iko wazi. Iwe kwa leseni, na leseni ziwe chache. Fedha za simu zisipite kwenda kwa kampuni isiyo na leseni, na kampuni ya simu itakayozipitisha iwajibike kama mwenye kasino mwenyewe. Hilo ndilo shina, mengine ni matawi. Mkopo wa simu usiweze kuingia katika akaunti ya kamari, na akaunti hiyo isipokee fedha zaidi ya kiasi kilichowekwa kwa siku na kwa mwezi, kwa kampuni zote pamoja, kwa namba moja ya kitambulisho cha taifa. Nchi zetu zimekwisha kutulazimisha tuziandikishe laini zetu za simu kwa vitambulisho. Haiwezekani kwamba utaratibu huo uwe imara wa kumkamata mwananchi anayetukana mitandaoni, kisha uwe dhaifu pale mtoto wa miaka 15 anapocheza kwa laini ya baba yake.

Daftari ya wanaojizuia iwe moja kwa nchi nzima, na mtu aweze kujiandikisha kwa ujumbe mfupi usio na gharama, bila ya kupigiwa simu na kampuni kubembelezwa arudi. Fedha za wachezaji zikae mbali na fedha za kampuni; habari za Full Tilt zatosha. Mitambo ikaguliwe na watu wasiolipwa na mwenye mitambo. Juu ya matangazo, Kenya ilipiga marufuku ya siku 30 Aprili 2025, nasi twauliza: kama yalikuwa mabaya kwa siku 30, siku ya 31 yalipata uzuri gani? Tena ile kanuni ya Kenya ya kuweka dau la chini lisilopungua shilingi 20 inayo nia njema ya kumzuia maskini; lakini kikomo cha chini kikisimama peke yake bila ya kikomo cha juu humfanya maskini aweke zaidi ya alivyokusudia.

Kuna watakaosema kwamba breki nyingi namna hii zitawafukuza wenye mitaji. Huenda. Kasino ya intaneti haijengi kiwanda, wala hailimi, wala haichimbi. Ofisi yake yaweza kuwa chumba kimoja na wafanyakazi wachache wa kupokea malalamiko. Hao wachache twawaheshimu, ni wafanyakazi kama sisi, na haki zao zilindwe. Lakini asiyeweza kufanya biashara yake ila kwa kumkopesha mtu usiku wa manane ili acheze, huyo akienda zake hatutafunga duka kwa huzuni.

Uganda walipopandisha umri mpaka miaka 25 walichekwa na wengi. Sisi hatuwacheki. Waingereza nao, kwa kikomo chao cha pauni 2, wamekiri kwamba kijana wa miaka 19 si sawa na mtu wa 40 mbele ya mashine hizi. Kama umri wa 25 ni mgumu kusimamiwa, basi dau la kijana na liwe dogo kuliko la mtu mzima. Kitambulisho chake kinataja mwaka aliozaliwa, na mtambo wajua kusoma.

Jambo moja limebaki, nalo laweza kufanyika hata kabla ya sheria kuguswa. Kampuni hizi zinatujua kuliko tunavyojijua. Ndani ya mitambo yao imo kila shilingi iliyowekwa, saa iliyowekwa, umri wa aliyeiweka, na kama ilikuwa siku ya mshahara. Wanachama wetu katika matawi wawatake wabunge wao waziombe hesabu hizo kutoka kwa Bodi, ziwekwe mezani pa Bunge kabla ya bajeti kusomwa: katika mwaka uliopita, kati ya saa sita za usiku na saa kumi na moja za alfajiri, ziliwekwa shilingi ngapi, na watu wa miaka mingapi, na katika fungu la kampuni, kiasi gani kilitoka kwa wachezaji wachache waliopoteza zaidi kuliko wote.